Kitabu Kilichomo Ndani ya Chembe

1. Mtoto mgonjwa

Katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, karibu na Uvira, alikaa mtoto wa darasa la nne. Alikuwa na akili, tena aliimba vizuri kanisani. Lakini kila mara mvua kubwa zilipoanza na baridi ya usiku kuingia, alishikwa na maumivu makali ya mikono na miguu. Macho yake yaligeuka manjano. Alikosa masomo juma moja, pengine majuma mawili. Mdogo wake alikuwa amekufa katika maumivu kama hayo, kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Watu wa kijiji wakaanza kunong'ona. Nyanya yake akamwendea mfumu, na mfumu akasema: «Mtoto huyu analiwa na mtu wa nyumbani.» Tangu siku ile macho yote yakamwelekea shangazi wa mtoto. Alikuwa mjane asiye na watoto, naye alikaa katika ua uleule. Hakuna aliyekubali tena kula chakula alichokipika. Baba wa mtoto akamwambia afunge mizigo yake, aondoke baada ya mavuno.

Mwalimu wa darasa akasikia habari hiyo. Jioni akaenda nyumbani kwao, akasema: «Baba, kabla ya kumfukuza dada yako, tumpeleke mtoto hospitali ya misioni. Damu yake itatuambia neno.»

Baba akajibu: «Vema, Mwalimu. Twende.»

Sista wa hospitali akachukua tone la damu, akalipima. Kisha akamwita baba atazame katika hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo. Kwanza alimwonyesha damu ya mtu mzima wa afya. Baba akaona chembe nyingi nyekundu za mviringo, kama visahani. Halafu akamwonyesha damu ya mtoto. Humo, katikati ya chembe za mviringo, mlikuwa na nyingine ndefu zilizopindika kama mundu wa kukatia majani.

Sista akasema: «Ugonjwa huu unajulikana. Waganga huuita drepanositosi, na watu wengi wa Kongo husema SS tu. Hakuna mtu aliyemroga mtoto, Baba. Ni kosa la herufi moja.»

Baba akashangaa: «Herufi ya kitabu gani, Sista?»

Jibu la swali hilo Mwalimu alilifundisha darasani juma lile lile. Nalo ni hili.

2. Mwili na chembe zake

Mwaka 1665, huko Uingereza, Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha kizibo kwa hadubini. Akaona vijumba vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki. Akaviita seli, maana yake vyumba vidogo. Kwa Kiswahili huitwa pia chembe. Baadaye wataalamu walitambua ya kuwa kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa chembe: jani la muhogo, samaki, mbuzi na mwanadamu. Katika tone la damu lenye ukubwa wa kichwa cha pini mna chembe nyekundu milioni kadhaa.

Kila chembe ina kazi yake, na kazi nyingi hufanywa kwa protini. Misuli inavuta kwa nguvu ya protini. Nywele na kucha ni protini. Mate na tumbo vinasaga chakula kwa msaada wa protini. Ndani ya chembe nyekundu za damu imo protini iitwayo hemoglobini. Hiyo ndiyo inayoipa damu rangi yake, nayo huchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote.

Chembe nyekundu huishi kadiri ya siku 120, kisha hufa. Kwa hiyo mwili unatengeneza nyingine bila kupumzika, kadiri ya milioni 2 kila sekunde. Kazi hiyo hufanyika katika uboho, ndani ya mifupa. Humo chembe changa hujaza hemoglobini kabla ya kutumwa katika mishipa.

Lakini chembe changa haijafundishwa na mtu. Inajuaje namna ya kutengeneza hemoglobini? Inasoma katika kitabu chake.

3. Kitabu na herufi zake nne

Katikati ya chembe mna kiini, na katika kiini kimetunzwa kitabu hicho. Si kitabu cha karatasi. Ni uzi mwembamba mno, unaoitwa kwa kifupi ADN. Nchi nyingine huandika DNA. Uzi wa chembe moja tu ukinyoshwa wote unapata urefu wa meta 2 hivi, nao umekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho.

Uzi huo una umbo la ngazi ya kamba iliyosokotwa. Vipago vya ngazi ndivyo herufi zake. Herufi ni nne tu: A, T, G na C. Tena zinakaa mbili mbili: A hushikana na T, na G hushikana na C. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, Uingereza. Picha alizozipiga Rosalind Franklin huko London, kwa mionzi ya X, ziliwasaidia sana.

Kitabu cha mwanadamu kimegawanyika katika mafungu 46 yanayoitwa kromosomu. Mafungu 23 mtoto ameyapata kwa baba yake, na 23 kwa mama yake. Upande wa baba una herufi kadiri ya bilioni 3, na upande wa mama vilevile. Sehemu ya kitabu inayoeleza protini fulani huitwa jeni. Inafaa kuifananisha na ukurasa mmoja. Ukurasa wa kipande kimoja cha hemoglobini umo katika kromosomu ya 11.

Karibu chembe zote za mwili zina kitabu kilekile. Lakini chembe ya jicho haifungui kurasa zilezile anazofungua mwenzake wa ini. Vivyo hivyo fundi seremala na fundi mwashi wanaweza kuwa na kitabu kimoja cha ufundi, kila mmoja akasoma sehemu yake.

4. Ukurasa unanakiliwa

Mwalimu aliwakumbusha watoto karakana ya Masista, mahali wasichana wanapotunga rozari na shanga za kuuza. Sista mkubwa ana daftari ya mifano yote. Daftari hiyo haitoki ofisini, kwa maana ikipotea au ikilowa mvua, kazi yote itaharibika. Msichana anayetaka mfano mmoja huunakili katika kipande cha karatasi. Karatasi hiyo ndiyo anayoipeleka mezani.

Chembe hufanya hivyo hivyo. ADN haitoki katika kiini. Wakati wa kutengeneza hemoglobini, ngazi inafunguka mahali pa ukurasa ule tu. Herufi zake zinanakiliwa moja moja katika uzi mwingine mfupi, uitwao ARN. Mwandiko wa ARN ni karibu sawa na ule wa ADN, ila mahali pa T inaandika U. Nakala inasafishwa, halafu inatoka nje ya kiini na kwenda mahali pa kazi. Ndiyo maana huitwa ARN mjumbe. Ikimaliza kazi yake inavunjwa, na herufi zake zinatumika tena.

5. Shanga zinatungwa

Mahali pa kazi panaitwa ribosomu. Chembe moja inazo nyingi sana. Mbelgiji Albert Claude, aliyezaliwa katika kijiji cha Longlier, ni mmoja wa wale waliotangulia kuchunguza sehemu za ndani za chembe kwa hadubini ya elektroni. George Palade, mzaliwa wa Romania, ndiye aliyezieleza ribosomu vizuri mwaka 1955. Mwaka 1974 hao wawili, pamoja na Christian de Duve, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, walipewa tuzo ya Nobel.

Protini ni kama uzi wa shanga. Shanga zake huitwa asidi amino, nazo ni za aina 20. Ribosomu ndiyo inayotunga. Inashika ARN mjumbe na kuisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, herufi tatu tatu. Kila herufi tatu ni neno moja, na neno moja lataja ushanga mmoja. Neno AUG lasema: «Anza hapa.» Neno GAG lataja ushanga uitwao asidi glutamiki. Neno UAA lasema: «Acha, kazi imekwisha.»

Nani analeta shanga? Wako wachukuzi wadogo, nao pia ni ARN. Kila mchukuzi amebeba ushanga wa aina moja, na kwa upande mwingine ana herufi tatu zake. Herufi zake zikipatana na neno linalosomwa, anapokelewa, anaweka ushanga wake, anakwenda zake. Zisipopatana, anarudishwa. Ribosomu ya mwanadamu hutunga shanga kadiri ya 5 kila sekunde. Uzi mmoja wa hemoglobini, wenye shanga 146, humalizika katika nusu dakika hivi.

Uzi ukiisha kutungwa, haukai umenyoka. Hujikunja wenyewe kwa umbo lake maalum, na umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi yake. Nyuzi nne zikiungana, mbili za shanga 141 na mbili za shanga 146, hemoglobini moja imetimia.

Wataalamu walianza kufahamu maneno hayo ya herufi tatu mwaka 1961. Mwaka huo, huko Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitengeneza ARN yenye herufi U peke yake. Wakaona uzi wa protini wenye ushanga wa namna moja tu. Basi, wakajua maana ya UUU. Mwaka 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamekwisha kujulikana. Karibu viumbe vyote vinatumia maneno hayohayo, kuanzia vijidudu hadi mwanadamu.

6. Herufi moja iliyogeuka

Sasa lile swali la baba laweza kujibiwa.

Katika ukurasa wa ule uzi wa shanga 146, ushanga wa 6 umeandikwa GAG. Katika ukurasa wa mtoto mgonjwa, herufi ya katikati imegeuka, na nakala yake inasema GUG. GUG lataja ushanga mwingine, uitwao valini. Ribosomu haina kosa. Imesoma sawasawa, nayo imetunga sawasawa na ilivyosoma. Kosa limo katika ukurasa.

Ushanga mmoja kati ya 146 unaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini hemoglobini yenye valini mahali pale, ikiisha kuacha oksijeni yake, hushikamana na wenzake na kufanya nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huivuta chembe mpaka ipindike kama mundu. Chembe za namna hiyo hazipiti vizuri katika mishipa midogo. Huziba njia kama magogo yaliyokwama mtoni. Mahali palipozibwa hapapati oksijeni, na hapo mtoto hulia kwa maumivu. Tena chembe hizo hufa upesi, kwa siku 10 hadi 20, hata damu ikapunguka na macho yakawa manjano. Baridi, homa na kukosa maji huongeza hatari. Ndiyo sababu mtoto wa Uvira aliugua wakati wa mvua.

Mwaka 1949 Linus Pauling wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya wengine. Miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram huko Cambridge akaupata ushanga wenyewe uliobadilika. Wakati huohuo ugonjwa huu ulichunguzwa pia kwa watoto wa Kongo, katika mji wa Leopoldville, unaoitwa leo Kinshasa. Hata sasa ni ugonjwa wa watu wengi: katika Kongo, kati ya watoto 100 wanaozaliwa, mmoja au wawili wanao.

7. Ukurasa wa baba na ukurasa wa mama

Kila mtu ana kurasa mbili za hemoglobini hiyo, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Ukurasa mzuri huitwa A, na ule uliogeuka huitwa S. Mwenye A na A hana ugonjwa. Mwenye A na S huwa mzima kwa kawaida, wala hajui kwamba ana ukurasa wa S. Tena utotoni malaria kali haimwui kwa urahisi kama wengine. Ndiyo sababu S imeenea katika nchi za malaria. Lakini mwenye S na S ni mgonjwa.

Sheria ya urithi wa namna hii iligunduliwa na mtawa Mkatoliki, Padri Gregor Mendel, wa shirika la Mtakatifu Augustino. Katika bustani ya monasteri ya Brno, nchi iitwayo leo Ucheki, alipanda njegere tangu mwaka 1856 hadi 1863, akazihesabu kwa uvumilivu. Mwaka 1866 maandiko yake yalichapwa, lakini karibu hakuna aliyeyajali. Alikufa mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900, wataalamu wengine walitambua ya kuwa alisema kweli.

Kama baba ni AS na mama ni AS, kwa kila mtoto anayezaliwa mambo ni haya: kati ya bahati nne, moja ni AA, mbili ni AS, na moja ni SS. Haiwi kwa zamu. Watoto wawili wanaweza kufuatana wakiwa SS wote wawili.

Masista wakawapima wazazi wa mtoto. Baba alikuwa AS. Mama pia alikuwa AS. Shangazi hakuwa na neno lolote katika jambo hili.

Baba akainamisha kichwa, akasema: «Kumbe ugonjwa umetoka kwangu?»

Mwalimu akamjibu: «Umetoka kwako na kwa mama yake, Baba, lakini si kosa lenu. Hakuna mtu anayechagua herufi anazozaliwa nazo. Wewe uliurithi ukurasa huo kwa wazee wako, nao kwa wazee wao. Kosa lingekuwa kumfukuza asiye na hatia.»

8. Shanga zinatoka wapi?

Siku hiyo mwanafunzi mmoja aliuliza: «Mwalimu, hizo shanga za asidi amino, nani anazinunua?»

Swali lake lilikuwa zuri. Kitabu peke yake hakitoshi. Fundi mwenye mfano mzuri lakini asiye na shanga hatatunga kitu. Mwili waweza kujitengenezea aina fulani za asidi amino, lakini aina 9 ni lazima zipatikane katika chakula. Mtu akila ndagala, protini ya samaki inavunjwa tumboni na matumboni, shanga zinaachana, damu inazichukua mpaka kwenye chembe. Huko zinatungwa upya kwa kufuata kitabu cha mwanadamu, si kitabu cha samaki.

Bugali wa muhogo peke yake una protini kidogo sana. Mahindi yana upungufu wa ushanga uitwao lisini, lakini maharagi yanao kwa wingi. Kwa hiyo bugali wa mahindi ukiliwa na maharagi, kimoja kinaongeza kile ambacho kingine hakina. Sombe, karanga, mayai, maziwa na samaki pia husaidia. Mtoto aliyeachishwa ziwa, akalishwa muhogo mtupu, aweza kupata ule ugonjwa ambao watu wa Kivu huuita bwaki: nywele zinageuka rangi, miguu inavimba, mtoto hataki kucheza.

Chakula kizuri hakiwezi kusahihisha herufi ya SS. Lakini mgonjwa wa SS, ambaye mwili wake unatengeneza damu bila kupumzika, anakihitaji zaidi kuliko wengine.

9. Amani nyumbani

Masista waliwapa wazazi mashauri. Mtoto anywe maji mengi kila siku. Avae nguo ya moto wakati wa baridi. Alale ndani ya chandarua. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ileile, wala asingojee. Zipo dawa zinazopunguza maumivu haya, kama ile iitwayo hidroksiurea, nazo hutolewa na daktari. Watoto wadogo wenye SS hupewa penisilini ili wasife kwa magonjwa mengine. Mwaka 2023 Uingereza, na baada yake Marekani, ziliruhusu matibabu yanayogusa ADN yenyewe ya chembe za uboho, ili zifungue tena ukurasa wa hemoglobini ambayo mtoto huitumia tumboni mwa mama yake. Matibabu hayo ni ya gharama kubwa mno, lakini yanaonyesha kwamba kitabu kikisomwa vizuri kinaleta tumaini.

Masista walisema pia neno moja kwa vijana: wapimwe damu mapema, kabla ya kuchumbiana, ili kila mmoja ajue kama ni AA au AS.

Baba aliporudi nyumbani, alimkuta dada yake ameketi mlangoni, mizigo imekwisha kufungwa. Akaifungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia mbele ya nyanya na majirani: «Dada, tumekukosea. Utusamehe.» Jioni ile shangazi alipika maharagi, na wote wakala katika sahani moja.

Mtoto hajapona kabisa, kwa maana ugonjwa wake ni wa kuzaliwa nao. Lakini sasa anakosa masomo mara chache. Kila asubuhi shangazi humjazia chupa ya maji ya kwenda nayo shuleni, naye humkumbusha kumeza dawa.

Mwenyezi Mungu ameandika mambo makubwa katika herufi nne, mahali padogo kuliko chembe ya mchanga. Pia amempa mwanadamu akili ya kuyasoma. Mtu anayetafuta sababu ya kweli ya ugonjwa humsaidia mgonjwa. Anayetafuta mchawi huwaumiza watu wawili.

Maswali

1. ADN imetunzwa wapi? Kwa nini haitoki humo?
2. ARN mjumbe na ARN wachukuzi: kila mmoja ana kazi gani?
3. Herufi ngapi zinataja ushanga mmoja wa protini?
4. Neno GAG likigeuka kuwa GUG, hemoglobini inapata badiliko gani?
5. Baba AS, mama AA: je, waweza kuzaa mtoto wa SS? Eleza sababu.
6. Kwa nini ni vizuri kula bugali wa mahindi pamoja na maharagi?
7. Shangazi alishtakiwa kwa neno gani? Ni nini kilichoonyesha kwamba hana hatia?

Kazi: Tunga uzi wa shanga 8 za rangi mbalimbali. Mwenzako atunge mwingine ulio sawa, ila ageuze ushanga wa 6. Linganisheni.